Bi Shubiri na Shemeji

Siku mwigizaji huyu alipomzika mumewe, mwanamke mmoja aliyekuja kumpa pole alimshika mikono yote miwili, akalia kidogo, kisha akamwinamia sikioni. "Mama, samahani sana, najua si wakati wake. Lakini watoto wangu hawataamini kama nimekuona. Nichekee kidogo tu."

Akamchekea. Alikuwa na vumbi la makaburini viatuni, na bado alicheka. Miaka mingi baadaye alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa mshangao uleule, kana kwamba limempata mtu mwingine.

Watu hawakumjua kwa jina lake. Walimjua kama Bi Shubiri, mama mkwe wa kwenye tamthilia iliyorushwa kila jioni kwa muda mrefu sana, hata kuna walioanza kuitazama wakiwa mgongoni kwa mama zao na kuimalizia wakiwa na wake zao. Bi Shubiri alikuwa mwovu wa kupendeza. Alitia chumvi kwenye chai ya mke wa mwanawe, alificha funguo, alizimia kwa makusudi kila mwanawe alipotaka kusafiri na mkewe. Alikuwa na neno lake, "Mimi nilimpa maziwa, wewe umempa nini?" Baada ya neno hilo kilikuja kicheko. Kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikatoka kinywani polepole huku macho yakimwangalia yule mke maskini kama mtu anayeangalia nguo ya kununua.

Nje ya kamera alikuwa mtu wa sauti ndogo, wa kumwomba radhi hata kiti alichojigonga nacho. Lakini nani angeamini? Sokoni kuna mama aliyekataa kabisa kumuuzia nyanya. "Kamwombe radhi yule binti kwanza," alimwambia, na hakuwa anatania.

Kilichomtoa kwenye uigizaji ni mbwa. Nyuma ya studio waliishi mbwa wachache wasio na mwenyewe, waliozoea kula mabaki ya waigizaji. Yeye ndiye aliyewapa majina, na mapumzikoni alikwenda kukaa nao kwenye ngazi za nyuma, akiwa na mavazi yake ya uovu, hereni kubwa na kilemba cha kung'aa, akiwatoa kupe masikioni. Mafundi sauti walilalamika kwamba mbwa wanabweka katikati ya kurekodi. Asubuhi moja, akiwa amekaa kwenye kiti anapakwa poda, mpambaji alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Leo tutafanya kazi kwa utulivu. Wale mbwa wametegewa nyama ya sumu." Alitoka na poda nusu uso. Wote walikuwa wamelala kando ya ukuta, mmoja bado akitikisa mguu.

Mwongozaji alimpa muda wa kunywa maji. Kisha wakarekodi, na onyesho la siku hiyo lilikuwa la kicheko. Alicheka mara moja tu, ikakubaliwa. Mwongozaji akasema hajawahi kucheka vizuri namna hiyo.

Alimaliza mkataba wake akaondoka, akaandika kitabu kuhusu mbwa wale. Kilikuwa kitabu chembamba, hakina hasira, kinaeleza tu kila mbwa alivyokuwa: huyu aliogopa mwavuli, yule alipenda kulala juu ya nyaya za taa kwa sababu zina joto. Walimu walikipenda, kikaanza kusomwa shuleni. Basi akawa anaalikwa kuzungumza juu ya punda wanaopigwa, kuku wanaobebwa miguu juu, paka wanaomwagiwa maji ya moto. Watoto walikuja wakitaka kumwona Bi Shubiri, wakaondoka wakiuliza maswali kuhusu punda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kwamba sauti yake ndogo inasikika.

Hapo ndipo goti lilipomsaliti, na nyumba aliyopanga ikauzwa. Binti yake, ambaye ndiye mtoto wake pekee, akamwambia, "Mama, njoo ukae kwetu. Na wala usinijibu kwamba utafikiria."

Mume wa binti yake alikuwa mtu wa kicheko na mikono mikubwa. Alikuwa na bustani ya mapumziko pembezoni mwa mji, mahali pa familia kuja kula na kupumzika siku za mwisho wa wiki, penye bembea, nyasi na muziki. Alimpokea mama mkwe wake kama mtu aliyepewa tuzo. Alimtengenezea chumba cha nyuma, akaweka meza ya kuandikia, akamfungia kishikio ukutani bafuni ili goti lisimwangushe. "Mama," alimwambia siku ya kwanza, akijikunyata kwa woga wa uongo, "mimi nimempa maziwa ya kopo tu, sijui kama utanikubali." Wote wakacheka, na yeye alicheka kweli, kwa sauti yake mwenyewe.

Wiki hiyohiyo alipelekwa kuiona bustani. Walipita bembea, wakapita jiko la nje, na nyuma kabisa, karibu na vyoo, akaona kizimba cha nondo chenye sakafu ya saruji. Ndani alikuwemo fisi.

"Huyu ni Shemeji," mkwewe alisema kwa fahari. "Nilimnunua kwa mtu porini akiwa mdogo kama paka, kabla sijaoa. Nilimlea bafuni kwangu kwa chupa. Rafiki zangu wakija wakasikia vishindo bafuni, wanauliza, 'Kumbe kuna shemeji humu?' Basi jina likabaki."

Fisi alikuwa anatembea. Alikwenda hadi pembeni, akageuka, akarudi, akageuka tena palepale, na kila alipogeuka bega lake liligusa nondo ileile. Begani hapo manyoya yalikuwa yameisha na nyama ilikuwa mbichi.

"Ana kidonda," mama mkwe alisema.

"Daktari wa wanyama anakuja kumpaka dawa. Mama, huyu anakula kuliko mimi! Na ana kibali, kila kitu kiko sawa."

"Anatembea hivi siku nzima?"

"Anafanya mazoezi." Akacheka, lakini alimtupia jicho la haraka. "Mama, usianze kunichukia. Sisi bado ni wapya kwa wapya."

Jioni akamfuata binti yake jikoni. Binti alikuwa anakata vitunguu, na kabla hajaambiwa neno akasema, "Najua umemwona."

"Mwanangu, mimi napita shuleni nawaambia watoto wa watu..."

"Najua unachowaambia. Nimekisoma kitabu chako kabla ya watu wote." Akaweka kisu chini. "Lakini mama, fikiria mwenyewe. Mama mkwe anakuja kukaa kwa mkwe, hajamaliza hata wiki, anaanza kumwambia mwenye nyumba hiki kitoe, hiki sikipendi. Unajua watu watasema nini? Unajua yeye atasema nini? Atasema amemwoa mtoto wa Bi Shubiri kweli. Nakuomba. Usinivunjie nyumba."

Mama akakichukua kile kisu, akaendelea kukata vitunguu. Alikuwa ameigiza jambo hilohilo kwa miaka, mama anayeingia kwenye ndoa ya mwanawe kama panya kwenye gunia. Alijua kila sentensi yake. Kila alilotaka kusema kuhusu yule fisi, alipolijaribu kichwani, lilitoka kwa sauti ya Bi Shubiri. Alijaribu mara moja tu, mezani, kwa upole wote alionao: "Baba, labda angepata kivuli kidogo zaidi." Mkwewe akaweka kijiko chini, akainua mikono. "Haya sasa! Imeanza! Tutatiliwa chumvi kwenye chai!" Akasema kwa upendo mtupu. Nani angeweza kumkasirikia?

Basi akanyamaza. Aliamka, akanywa chai iliyokwisha kuandaliwa, akakaa kwenye meza aliyotengenezewa, mbele ya dirisha linalotazama ukuta, akajaribu kuandika kitabu cha pili. Kitabu kilihusu punda. Kila akifika aya ya tatu anamwona fisi anageuka.

Kisha likaja suala la redio. Alialikwa kwenye kipindi cha asubuhi kuzungumza juu ya ukatili kwa wanyama, na wasikilizaji wakawa wanapiga simu. Mwanamke mmoja akasema, "Mama, nakuheshimu sana. Mimi naishi karibu na ile bustani ya mkweo. Yule fisi mwenye kidonda begani, wewe umemwona?"

Mtangazaji alimwangalia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Akasikia mdomo wake ukisema, "Kila mnyama anastahili matunzo mema, na kwa mambo ya namna hiyo ni vizuri tuwaachie wahusika." Sentensi ilitoka safi, bila kukwama, kama iliyokaririwa. Yule mwanamke akasema, "Sawa, mama. Asante," akakata simu.

Mkwewe alikuwa amesikiliza kipindi ndani ya gari. Alirudi nyumbani mchana na shuka jipya la kujifunika magotini, laini, la rangi aliyowahi kusema anaipenda. Akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mama," alisema, na safari hii hakutania, "umenisitiri. Sitasahau."

Alilipokea. Angefanyaje? Aliingia chumbani kwake, akalikunja, akaliweka juu kabisa ya kabati ambako mkono wake haukufika bila kiti.

Kesho yake alimwomba dereva wa bustani ampeleke. Akachukua kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya kizimba, akakaa. Hakusema neno na hakubeba bango. Aliona kwamba kama hana mdomo wa kusema, basi angalau macho anayo, na haifai fisi yule aangaliwe na watu wa kumcheka tu. Akawa anakwenda kila siku goti lilipomruhusu. Alijifunza mambo. Akiwepo yeye, watoto hawakurusha mawe. Akiwepo yeye, wahudumu walikumbuka kubadilisha maji. Siku moja daktari wa wanyama alikuja kupaka dawa, fisi akarudi nyuma hadi ukutani, akaanza kutoa ile sauti ambayo kila mtu anaijua, hi-hi-hi ya juu juu.

"Anacheka nini?" mama mkwe aliuliza.

"Hacheki," daktari alisema. "Hiyo wanaitoa wakibanwa. Wakiogopa na hawana pa kukimbilia."

Alirudi nyumbani siku hiyo bila kula.

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba watu walianza kuja kumtazama yeye. Habari zilienea kwamba Bi Shubiri anakaa na fisi, na picha zikasambaa kwenye simu. Jumamosi ya kwanza meza zilijaa. Jumamosi iliyofuata viti vilikodiwa. Siku moja alipoteremka kwenye gari alikuta bango jipya langoni, uso wake wa ujana wenye hereni kubwa upande mmoja, kichwa cha fisi upande wa pili: *Bi Shubiri na Shemeji. Kila Jumamosi. Watoto wanakaribishwa.*

"Sikukuuliza kwa sababu nilitaka kukushtukiza," mkwewe alisema, uso unang'aa. "Mama, umeiokoa bustani! Nilikuwa karibu kufunga, sikuwaambia tu."

Alikaa wiki nzima nyumbani. Akasema goti linauma, na lilikuwa linauma kweli. Jumatatu dereva alimpa habari: kuna vijana wamemchoma fisi kwa kipande cha mti wa bembea kupitia kwenye nondo, kidonda kimefunguka upya. "Wewe ulikuwa hupo, mama," alisema, bila kumlaumu.

Akarudi. Hapo alielewa jinsi alivyoshikwa. Akikaa, watu wanajaa kwa ajili yake. Akiondoka, wanamtesa asiyeweza kuondoka. Akisema, ni mama mkwe mbaya. Asiposema, ni mwandishi mwongo. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono mapajani, watu wakipiga picha.

Mwisho wa mwezi huo palikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mteja mmoja. Wageni walikuwa wengi, wamevaa vizuri, wameshiba. Baada ya keki wakahamia kizimbani. Fisi alikuwa amelala pembeni, ameficha uso. Mtu mmoja akachukua kijiko, akaanza kugonga nondo. Wengine wakamfuata kwa vijiko, kwa chupa, kwa funguo za gari. Fisi akainuka, akaanza kutembea haraka, bega linapiga nondo kila anapogeuka.

"Tafadhali," mama mkwe alisema. "Tafadhalini. Mnamwogopesha."

"Bi Shubiri amesema tafadhali!" mmoja akapiga kelele, na wote wakaangua kicheko, maana Bi Shubiri hakuwahi kusema tafadhali. "Cheka, mama! Ukicheka tunaacha. Cheka, cheka, cheka!" Vijiko vikafuata mapigo.

Binti yake, aliyekuja kusaidia siku hiyo, alikuwa anatoka jikoni na sinia la soda. Alisimama njiani. Alimwona mama yake akiinuka kwenye kiti kwa shida, akishika nondo ili asianguke, akiwageukia watu. Kisha akakisikia, kile kicheko, kuanzia puani. Na nyuma ya mama yake, amebanwa kwenye kona, fisi naye akaanza, hi-hi-hi. Watu walilia kwa kucheka. Walipiga makofi kwa wote wawili. Wakaacha kugonga nondo, kama walivyoahidi, wakarudi kwenye muziki.

Binti aliweka sinia chini kwenye nyasi. Alikwenda akamshika mama yake kiunoni, akamwongoza hadi kwenye gari bila neno. Mama alikuwa anatetemeka. "Ni goti," alisema.

"Si goti," binti alisema.

Mkwewe aliporudi nyumbani aliwakuta wamekaa sebuleni. Mkewe hakumpa nafasi ya kuvua viatu.

"Mimi ndiye niliyemwambia mama anyamaze. Kwa hiyo leo nasema mimi, na mama asiulizwe. Yule mnyama aondoke."

"Amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Tangu nilipomnyamazisha hajaniambia kitu, hilo ndilo linalonitisha."

Mumewe alikaa chini taratibu. "Kwa hiyo mimi ni mtu mbaya."

"Hapana. Ungekuwa mbaya ningeondoka, mambo yakawa rahisi."

"Nilimlea kwa chupa," alisema. Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, alikuwa analala kifuani kwangu. Unajua hilo? Hakuna mtu anayemjua kama mimi."

"Najua, baba," alimjibu. "Basi mwangalie. Usimwonyeshe mtu. Mwangalie tu wewe."

Mkwewe alikasirika. Alitoka, akalala kwa kaka yake. Lakini asubuhi dereva aliwaambia kwamba bosi yuko bustanini tangu alfajiri, amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, na lango amelifunga. Alikaa hapo siku ile na iliyofuata. Kisha yeye mwenyewe akapiga simu kwenye kituo kimoja cha mbali kinachochukua wanyama waliofugwa vibaya. Walimwambia wazi kwamba fisi huyo hataweza kurudi porini maishani mwake, kwa sababu hajui kuishi huko. Watampa eneo kubwa lenye uzio, udongo wa kuchimba, na fisi wenzake upande wa pili ili azoee taratibu. Zaidi ya hapo hawakuahidi.

Siku ya kumchukua, daktari alimpiga sindano ya usingizi. Mtu wa kuingia kizimbani kumfunika macho kwa kitambaa alikuwa mmoja tu, yeye aliyemlea kwa chupa, na hakukubali mwingine amsaidie. Alimlaza kichwa mapajani hadi wakaleta machela. Lori lilipoondoka alikwenda nyuma ya jiko, na wahudumu walijifanya wana kazi mbele.

Wateja walipungua. Bango liliondolewa. Kizimba kikawa stoo ya viti.

Na nyumbani pakawa na adabu. "Umeamkaje, mama." "Chakula tayari, mama." Mkwewe alimfungulia mlango, alimnunulia dawa ya goti, hakumkosea heshima hata siku moja, wala hakumtania tena. Mama mkwe hakuwa amejua jinsi mzaha ule ulivyokuwa ukimpa hewa ndani ya nyumba ile mpaka ulipokoma. Alimwambia binti yake kwamba labda atafute chumba mahali.

"Ukiondoka sasa," binti alisema, "ataona ulikuja kumshinda, ukamaliza, ukaenda zako. Kaa."

Akakaa. Mchapishaji alitaka kitabu cha fisi, si cha punda. Alijaribu kukiandika bila kumtaja mkwewe, kikatoka kama habari ya mnyama aliyejifungia mwenyewe. Alijaribu kukiandika naye ndani, akasikia aibu ya kumwanika mtu huku anakula kwenye sahani yake. Aliandika, akachana. Miezi ikapita hivyo, yeye na ukuta wa dirishani.

Mwishowe alimwambia mezani, mchana, mkewe akiwepo.

"Baba, nataka kuandika habari za Shemeji. Na siwezi kuziandika bila wewe."

Alitafuna, akameza. "Mama, tangu umekuja sijakunyima kitu. Hilo moja nakuomba, usiliandike."

Binti alitazama sahani yake. Mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Nitaandika," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Nitasema ulivyomlea pia, na ulivyomfunika macho. Ila nitaandika yote. Ukitaka nihame, nitahama."

Mkwewe alimwangalia muda mrefu, kama mtu anayetafuta Bi Shubiri usoni mwake na hamwoni.

"Nani amesema uhame?" aliuliza hatimaye, kwa ukali. "Na goti hilo utahamia wapi?" Akalisukuma jagi la maji kwake, akaendelea kula, akamaliza, akanawa, akatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alifunga mlango wa chumba chake, akakaa kwenye meza ya kuandikia. Aya ya kwanza ilikataa, na ya pili ikakataa. Kutoka sebuleni alimsikia mkwewe akimwambia mkewe, bila uchangamfu wowote, kama mtu anayetoa taarifa ya maji kukatika: "Zima hiyo redio. Mama anaandika."